Dundu anabingirisha nini: mavi, kinyesi au mbolea?

SWALI: Ninaandika kijitabu cha wafugaji wanaopakana na hifadhi, kuhusu madundu wanaobingirisha mavi ya tembo na ng'ombe. Msimamizi wangu amekata "mavi" kila lilipotokea na kuandika "mbolea" juu yake, eti mavi ni tusi. Tena "dundu anabingirisha" amelifanya "dundu linabingirisha". Nani yuko sahihi? (Mwanafunzi wa wanyamapori, Moshi)

JIBU: Tuanze na la pili, ni jepesi. Dundu ni mdudu, na kiumbe mwenye uhai hupatanishwa kwa a- na wa- hata wingi wake ukianza na ma-: dundu mkubwa anabingirisha, madundu wakubwa wanabingirisha. "Dundu limepasuka" nayo ni sentensi safi, ila hapo unazungumzia buyu kubwa la kuwekea maji au pombe, maana nalo huitwa dundu. Hiyo li- ya msimamizi wako ipe donge: "dundu analibingirisha donge".

Sasa mavi. Ni kweli, ukimrushia mtu neno hilo umemtukana. Lakini wahunzi walisema mavi ya chuma bila kumtukana yeyote, wazee wakasema mavi ya kale hayanuki, na mfugaji akiingia zizini asubuhi anazoa mavi ya ng'ombe. Kwa msomaji wako ndilo neno la kazi. Kinyesi ni la adabu zaidi, linafaa ripoti, tasnifu na maabara ya mifugo. Ningelitumia katika utangulizi na kuliacha mavi pale unapozungumza na mfugaji mwenyewe. Ukichanganya yote mawili hujakosea, mradi uchunge upatanisho: kinyesi hiki kimekauka, mavi haya yamekauka.

Mbolea ndiyo nisiyoikubali. Tembo hanyi mbolea. Mbolea ni jina la matumizi: kitu huitwa hivyo kikishatiwa ardhini, au kikikusudiwa kutiwa, ili mimea istawi. Samadi iko karibu nayo, lakini hiyo ni mavi ya mifugo yaliyokusanywa kwa ajili ya shamba. Mwaka 1974 watafiti Anderson na Coe waliripoti kutoka Tsavo, Kenya, madundu wapatao 16,000 waliovamia kilo moja na nusu ya kinyesi cha tembo na kukimaliza kwa saa mbili. Andika "walivamia mbolea", na msomaji ataona mfuko wa dukani.

Tena neno hilo linaficha kazi yenyewe ya dundu. Anakula, anafukia, anataga yai ndani ya donge alilolizika. Naitrojeni inashuka kwenye mizizi badala ya kupotea hewani, mbegu alizomeza tembo zinapata udongo, matundu yanapitisha maji, na nzi wanakosa mahali pa kuzaliana. Hapo ndipo kinyesi kinapokuwa mbolea. Waulize Waaustralia. Madundu wa kwao walizoea vinyesi vikavu vya kangaruu, hivyo mavi ya ng'ombe walioletwa na wageni yakawa yanakaukia juu ya malisho, nyasi haziyapati na nzi wanajaa. Kuanzia miaka ya 1960, George Bornemissza na wenzake wa taasisi ya utafiti ya CSIRO wakaingiza madundu kutoka nje, wengi wao kutoka Afrika. Kinyesi walikuwa nacho tele. Walichokosa ni wa kukifukia.

Jambo moja hukuniuliza: usiandike kwamba madundu wote wanabingirisha. Wengi huchimba shimo palepale chini ya fungu, na wengine huishi humohumo ndani. Ningeandika hivi: "Dundu hufukia mavi ya ng'ombe, na mavi hayo huwa mbolea ya malisho." Maneno yote mawili yamo, kila moja mahali pake, na msimamizi akitaka kukata tena, mwombe akate kwa penseli.