Maswali ya Wasomaji: Kutoka barafu ya Antaktika hadi mchanga wa Ascension

Toleo lililopita tuligusia safari za meli za kutazama wanyama zinazoanzia Ushuaia, mji wa kusini kabisa mwa Argentina, zikapita Antaktika na South Georgia, kisha zikakwea Atlantiki kisiwa kwa kisiwa hadi kwenye joto. Barua zilizofuata ni nyingi. Tumechagua sita.

Kwa nini safari hizi zote huondoka mwishoni mwa Machi? Na hizo siku thelathini na kitu zinakwenda wapi? (M.S., Tanga)

Huondoka Machi kwa sababu meli zinahama. Msimu wa watalii Antaktika ni Novemba hadi Machi. Baridi ikianza kukaza, meli zile zile zinatakiwa kaskazini, Aktiki, kusubiri kiangazi cha huko. Zingeweza kuvuka Atlantiki tupu. Kampuni zinaona afadhali kuuza vyumba. Ndiyo maana bei ukiigawa kwa siku mara nyingi ni nafuu kuliko safari fupi ya Januari, ingawa jumla yake inatisha.

Hesabu ya siku iko hivi. Mlangobahari wa Drake, ulio kati ya Amerika Kusini na Antaktika, unachukua siku 2, Rasi ya Antaktika 3 au 4. Kutoka hapo hadi South Georgia ni siku 2 hadi 3 za bahari, na kisiwani siku 3 au 4. South Georgia hadi Tristan da Cunha, 4 au 5. Tristan hadi Saint Helena ni kilomita zaidi ya 2,400, kwa hiyo nyingine 4 au 5. Saint Helena hadi Ascension ni kama kilomita 1,300, siku 2 na ushei. Zinazobaki ni za kukaa kwenye visiwa hivyo. Ukijumlisha utaona karibu nusu ya safari ni maji matupu, na tunawaambia wazi: asiyeweza kusimama sitahani na darubini saa tatu mfululizo asilipe fedha hizi. Anayeweza atamwona albatrosi mkubwa, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hufika mita 3.5, akifuata tezi, yaani nyuma ya meli, bila kupiga bawa hata mara moja kwa dakika nyingi.

Machi ina hasara yake. Pengwini wengi wa Rasi ya Antaktika wamemaliza kulea na makoloni yamepungua. Fidia yake ni nyangumi nundu, ambao wakati huo wamejazana wakila. South Georgia haina shida hiyo: pengwini mfalme huchukua miezi 14 hadi 16 kulea kifaranga kimoja, basi wakati wowote utakaofika utawakuta vifaranga wamevaa manyoya yao ya kahawia kama watoto waliovishwa makoti ya baba zao.

Mimi ni mwongoza watalii. Mteja wangu aliambiwa achokonoe soli za viatu kwa kijiti cha meno kabla ya kushuka South Georgia. Ni mzaha? (J.L., Arusha)

Si mzaha hata kidogo, ndugu. Ni kazi ya siku nzima, na anayeipuuza anawachelewesha abiria wote.

Wewe unayetembea porini unaijua kishona nguo: ile mbegu nyeusi yenye vimeno viwili inayoganda kwenye soksi ukapita nayo wilaya mbili bila kujua. Vitu vya namna hiyo ndivyo vinavyotafutwa. Ofisa wa serikali ya kisiwa hupanda melini na kukagua viatu, mifuko na nguo za nje. Mbegu moja ikionekana, unarudi kusafisha upya.

Fanya hivi. Kwanza geuza mifuko yote ya koti na suruali nje, na mashine ya kufyonza vumbi ipite kwenye pembe, chini ya mikunjo na ndani ya kofia. Pili velkro, na hapa ndipo wengi hukamatwa: tandaza upande wenye vikulabu mbele ya taa, uchomoe nyuzi na mbegu kwa kibano, moja moja. Tatu soli: kijiti cha meno au pini ndani ya kila mfereji, kisha brashi na maji. Nne, usisahau miguu ya stendi ya kamera, mikanda ya begi na ncha za fimbo za kutembelea. Mwisho ndipo unapokanyaga kwenye beseni la dawa ya kuua vijidudu. Dawa ije mwisho kwa sababu haipenyi kwenye tope. Kiatu kichafu kilichochovywa kinabaki kiatu kichafu, ila sasa kimelowa.

Ni ukali wenye sababu. Panya waliingia South Georgia na meli za wawinda sili na nyangumi, wakala mayai na makinda miaka na miaka. Helikopta zilimwaga sumu kwa awamu kati ya 2011 na 2015, na ni mwaka 2018 tu kisiwa kilipotangazwa hakina panya. Gough, jirani wa Tristan, hakikubahatika. Kule panya wadogo wa nyumbani wamejifunza kuwala makinda ya albatrosi wakiwa hai. Kazi kama ile ilifanywa 2021, na kabla ya mwaka kwisha panya alionekana tena.

Usafishaji unarudiwa kabla ya kila kundi la visiwa. Tangu homa ya ndege ifike South Georgia mwaka 2023 kuna sharti jingine: ukiwa karibu na wanyama huketi, hupigi goti, wala huweki begi chini. Pengwini mpe mita 5. Akikujia mwenyewe, simama tuli apite. Sili wenye manyoya wape nafasi kubwa zaidi, maana wale huuma.

Nimezaliwa na bahari, jahazi ni kitanda changu. Lakini watu wananitisha na huo Mlangobahari wa Drake. Nichague chumba gani, na dawa ninywe au niache? (Bi. F.A., Lamu)

Bi. F., jahazi hupanda na kushuka na wimbi karibu na macho yako. Meli ya ghorofa sita huenda mrama taratibu, pembe kubwa, na wewe umo ndani huoni upeo. Waliozoea bahari ndogo huchafukwa nayo vilevile.

Wahenga walikwisha kukujibu: tezi na omo hurejea ngamani, yaani nyuma na mbele ya chombo hurudi chini tumboni mwake. Chukua chumba cha chini, katikati ya meli. Ndicho cha bei ndogo, na ndicho kinachotikisika kidogo zaidi. Chumba cha juu chenye roshani ni kizuri kwa picha za tangazo. Kwenye Drake mlango wa roshani hufungwa na wewe unarushwa kama pendulamu.

Dawa unywe kabla ya meli kutoka kwenye Mfereji wa Beagle, ulio mbele ya Ushuaia. Ukishaanza kutapika, kidonge hakikai tumboni. Wengine hupendelea kiraka cha skopolamini kinachobandikwa nyuma ya sikio angalau saa 4 kabla, na hufanya kazi kwa siku 3. Nawa mikono baada ya kukibandika: ukigusa jicho, mboni hupanuka na utaona ukungu siku nzima. Mwenye presha ya macho au tatizo la tezi dume asikitumie bila daktari. Na usikae na tumbo tupu. Biskuti kavu na tangawizi husaidia kuliko kufunga.

Mkono mmoja uwe wa meli daima. Wanaovunjika mifupa kwenye safari hizi mara nyingi huvunjikia bafuni, au vidole vimebanwa na mlango.

Kamera yangu ilijaa ukungu ndani ya lenzi. Nilikosea wapi? (K., Bujumbura)

Uliitoa kwenye baridi ukaiingiza kwenye chumba chenye joto na unyevu. Ukiwa bado nje, ifunge kwenye mfuko wa plastiki uliokazwa. Unyevu utaganda juu ya mfuko. Usiufungue kwa saa moja au mbili. Toa kadi ya picha kabla ya kufunga, ndipo hutashawishika. Ukifika Ascension mambo hugeuka: chumba chenye kiyoyozi ndiyo baridi, sitaha ndiyo joto. Itoe mapema ikiwa kwenye mfuko ule ule. Betri za ziada, wakati wa barafu, zikae mfuko wa ndani karibu na mwili.

Je, ni kweli unaweza kulipa, ukafika Tristan da Cunha, na usikanyage? (Msomaji, Mombasa)

Ni kweli, na hutarudishiwa hata senti, soma mkataba. Tristan ina watu wasiofika 300, wote katika kijiji kimoja, Edinburgh of the Seven Seas, na bandari yao ni kijigati cha boti za kuvulia kamba mawe. Meli hutia nanga nje. Wimbi pana likija kutoka kaskazini-magharibi linapiga moja kwa moja mdomoni mwa gati, na boti ya mpira yenye watu 10 haiwezi kuingia. Upepo unaweza kuwa umelala kabisa na bado bandari imefungwa, kwa sababu wimbi hilo limezaliwa na dhoruba iliyo mbali sana. Abiria hulalamika, "mbona bahari shwari?" Asimame kwenye ngazi ya meli aitazame boti ikipanda na kushuka mita mbili, ataelewa.

Basi swali la kumuuliza wakala ni hili: mmetenga siku ngapi Tristan? Siku moja ni kamari. Siku 3 zinampa nahodha nafasi ya kungoja au kuzunguka upande uliokingwa na upepo. Kisiwa cha Nightingale, wanakozaliana pengwini wa mwambani wenye nyusi za njano, hushukwa tu na waongozaji wa Tristan. Huko ndiko meli ya mizigo Oliva ilipopanda mwamba Machi 2011 na kumwaga mafuta juu ya maelfu ya pengwini, huku wenyeji wakihofia pia panya wasije wakaogelea kutoka kwenye mabaki.

Namna ya kupanda boti haibadiliki popote. Mikono yote miwili iwe mitupu. Wewe na baharia mshikane kigasha kwa kigasha, kwa sababu viganja vilivyolowa huteleza. Ngoja aseme "sasa", ushuke boti ikiwa juu ya wimbi. Jamestown, Saint Helena, na Georgetown, Ascension, kuna kamba zinazoning'inia juu ya ngazi za gati: shika kamba kwanza, mguu ufuate.

Kuna chochote huko kinachotugusa sisi watu wa Zanzibar? (S.K., Maskati)

Saint Helena kipo. Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti cha Unguja mpaka Waingereza walipoishambulia kasri tarehe 27 Agosti 1896, alikimbilia kwa Wajerumani, akaishi Dar es Salaam, akakamatwa 1916. Waingereza walimhamishia Shelisheli na Saint Helena kabla ya kumruhusu kurudi Afrika Mashariki. Alifariki Mombasa 1927. Watalii wote huongozwa kwenye nyumba ya Napoleon, Longwood. Muulize mwongozaji habari za Khalid, uone kama anazo.

Wa pili ni Jonathan, kobe aliyeletwa kutoka Shelisheli mwaka 1882 akiwa tayari mtu mzima, anayekadiriwa kuzaliwa 1832. Yupo kwenye bustani ya nyumba ya gavana, na haoni tena. Kobe wakubwa wa Changuu unaowajua nao walitoka Shelisheli.

Na ukifika Ascension, omba kupelekwa Long Beach usiku. Kasa wa kijani huvuka zaidi ya kilomita 2,000 kutoka malishoni pwani ya Brazili kuja kutaga hapo. Aprili utagaji unaelekea ukingoni, lakini vifaranga wanatoka kwa wingi. Tochi nyeupe na mwanga wa kamera ni marufuku, maana kifaranga hufuata mwanga akaiacha bahari. Tembea polepole: ufuo wote umechimbwa mashimo yanayofika magotini, na gizani hayaonekani.