Uliza Tukujibu: Mbona redio za Accra zinapiga kelele Kitwi asubuhi?

SWALI: Habari mhariri, mi nilikuwa Accra wiki 2 kikazi, kila teksi nayopanda asubuhi redio inabishana Kitwi, lugha ya huko Ghana, siambulii kitu ila nasikia majina ya magazeti tu, hivi huwa wanafanya nini? Na eti zamani redio ilikuwa ya serikali peke yake? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Hapo ulikuwa unasomewa magazeti ndugu yangu. Magazeti ya Ghana karibu yote ni ya Kiingereza, sasa mtangazaji anachukua kichwa cha habari anakigeuza Kitwi palepale, anatia chumvi na methali, makada wa NPP na NDC, vyama vikubwa viwili vya huko, wako studio wanazozana, huku simu za wasikilizaji zinaingia. Mama wa soko la Makola asiyesoma Kiingereza gazeti lake ndo hilo, na mi naona analifaidi kuliko mwenye kulinunua.

Na ni kweli, redio ilikuwa ya serikali. Ilianza 31 Julai 1935, enzi za mkoloni, ikiitwa ZOY, tena haikuwa ya hewani, ni waya umevutwa mpaka kwenye spika nyumbani kwako unasikilizishwa BBC, wateja wenyewe kama 300. Baadaye ikaja kuwa GBC, shirika la utangazaji la serikali, na hiyohiyo tu mpaka miaka ya tisini. Katiba ya 1992 ikasema kuanzisha chombo cha habari hakuhitaji leseni, sawa, lakini masafa hawagawi! Mwaka 1994 jamaa mmoja, Charles Wereko-Brobby, akachoka kusubiri akawasha Radio Eye bila kibali, polisi wakaja wakabeba mitambo. Lakini moto ulishawaka, 1995 masafa yakaanza kutolewa, Joy FM ikaingia na Kiingereza chake, halafu 1999 ndo Peace FM ikaja na Kitwi, na zingine zikafuata.

Ila usidhani Kitwi ndo lugha ya wenyeji wa Accra, wenye mji ni Waga, wao GBC inawarushia Obonu FM kwa lugha yao ya Kiga. Na kule mji wa Ada toka 1998 wana Radio Ada, redio ya jamii inayotangaza kwa lugha ya Kidangme.

Ukirudi muombe dereva akutafsirie, ila ujue atatafsiri na chama chake humohumo.