Magunia ghalani, daftari mezani: majibu kuhusu majedwali ya data

Rekodi zetu za mapokezi ya kahawa ziko kwenye Amazon S3, hifadhi ya faili mtandaoni, zikiwa faili za Parquet peke yake. Iceberg au Delta Lake itatuongezea nini? (Karani, Moshi)

Chukua ghala la AMCOS yenu, yaani chama chenu cha ushirika. Faili za Parquet, zinazobeba data ya jedwali, ni magunia. Bila daftari, anayetaka kujua kilichopo lazima azunguke akihesabu, na akikuta lori linapakuliwa, hesabu inavurugika. Iceberg, iliyoanzia Netflix mwaka 2017, na Delta Lake, ambayo Databricks waliifanya huria mwaka 2019, ndizo daftari: faili ipi imo sasa, ipi imeondolewa, na jana palikuwaje. Fungua folda ya Delta uone mwenyewe. Mna folda ndogo, `_delta_log`, na faili yake ya kwanza jina lake ni sifuri ishirini, kisha `.json`. Ni maandishi ya kawaida. Utasoma kila faili iliyoingia.

Tulinakili folda yote ya Iceberg kutoka S3 kwenda Google Cloud Storage, lakini jedwali bado linasoma kule kule. Tumekosea wapi? (Kampuni ya utalii, Arusha)

Mmehamisha magunia na daftari, ila daftari bado linaelekeza ghala la zamani. Iceberg huandika anwani kamili ya kila faili, kuanzia `s3://`, kwa hiyo kunakili peke yake hakutoshi. Tumieni amri ya Spark (programu ya kuchakata data) iitwayo `rewrite_table_path`: inaandika upya anwani hizo na kuwapa orodha ya faili za kunakili. Kisha lisajilini jedwali kwenye katalogi mpya, yaani orodha inayoonyesha daftari la kila jedwali liko wapi. Delta kwa kawaida huandika anwani fupi zinazoanzia ndani ya folda yenyewe, ndiyo maana huhama kwa urahisi zaidi.

Nawasihi, msifute cha zamani kwanza. Mimi niliwahi kufuta kabla ya kuhakiki, nikabaki na faili nzima kabisa na jedwali lisilofunguka. Hesabuni safu mlalo pande zote mbili, halafu ndipo mfute. Kuhusu gharama: kutoa data nje hutozwa kwa kila gigabaiti, lakini tangu 2024 Amazon na Google huwasamehe wateja wanaohama kabisa. Ombeni kabla ya kuanza kunakili.

Kompyuta mbili zinaweza kuandika jedwali moja la Delta kwenye S3 kwa wakati mmoja? (Mwanafunzi, Tengeru)

Hapa pana mtego. Google na Azure ya Microsoft zina njia ya kusema "andika faili hii endapo haipo". S3 iliipata Agosti 2024 tu. Kabla ya hapo waandishi wawili wangeweza kufutiana ukurasa, ndiyo maana Delta iliazima msaada wa DynamoDB, hifadhidata ya Amazon. Kama huna hakika programu yako inatumia njia hiyo mpya, mwandishi abaki mmoja. Wasomaji hata mia hawana shida.

Data yangu ni megabaiti 40. Nianze na Iceberg? (Msomaji, Njiro)

Hapana. SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa kwenye faili moja, inakutosha.