Dada, ukiambiwa "wewe baki ofisini" usikubali

Mwaka wangu wa kwanza manispaa niliumalizia kwenye kiti. Tuliripoti watatu siku moja, wote diploma ya ujenzi, wote cheo fundi sanifu daraja la pili, vijana wawili wa kiume na mimi. Wiki ile ile wenzangu wakapandishwa pikapu kwenda kuangalia mtaro uliobomoka, mimi mkuu wangu akaniambia binti una mwandiko mzuri, wewe baki hapa utusaidie mihtasari ya vikao na mafaili ya wakandarasi. Na kweli mwandiko ninao, nikafurahi kabisa, nikasema hawa wazee wana huruma wamenikinga na jua. Hakuna aliyenidharau waziwazi, ndio maana nasema huu mtego ni mbaya, unategwa kwa upole na chai juu.

Nilikuja kushtuka siku ya kujaza OPRAS (mnaikumbuka ile fomu ya kupima utendaji wa mtumishi kwa mwaka, kabla ya haya mambo ya PEPMIS ya mtandaoni). Wenzangu wanaandika nimesimamia mtaro, nimesimamia makalavati mawili (yale ya kupitisha maji chini ya barabara), nimepima kazi kwa ajili ya malipo ya mkandarasi. Mimi naandika nini? Nimetunza mafaili. Miaka mitatu chuoni najifunza zege na upimaji halafu mafanikio yangu ya mwaka mzima ni mafaili yamepangwa kwa herufi. Na sio cheo tu. Ukija na shahada, Bodi ya Usajili wa Wahandisi inakusajili kwanza kama mhandisi mhitimu, na ili upande kuwa mhandisi mtaalamu wanataka angalau miaka 3 ya kazi za kihandisi chini ya usimamizi, na unaandika ripoti ya ulichokifanya kwa mikono yako, vikao ulivyohudhuria havina nafasi pale. Kwa hiyo mwaka wa kukaa ofisini usiuhesabu kama mwaka wa kupumzika, huo umepotea na hakuna wa kukurudishia.

Watu wananiuliza sana eti dada hiyo kazi si ngumu kwa mwanamke? Jamani, kazi ngumu ya manispaa wanawake wanaifanya toka zamani. Amka saa kumi na moja alfajiri hapa Dar uangalie nani anafagia barabara kuu, nani anazoa mchanga pembeni ya lami huku daladala zinampita karibu na kisigino, utakuta wengi ni akina mama, reflekta kifuani, kanga kichwani. Sijawahi kusikia mtu akisema hao wabaki ofisini kwa sababu ya jua. Jua linageuka tatizo la mwanamke pale anaposhika mchoro na tepu.

Sasa nilitokaje. Nilianza kwa kulalamika, haikusaidia kitu, wakasema binti ana haraka. Nilichofanya baadae ndio nakushauri ufanye mapema, omba kitu kimoja kinachojulikana kwa jina. Usiseme "na mimi naomba niwe naenda saiti", hiyo watakuitikia "sawa" halafu basi. Nikaandika barua nusu ukurasa, naomba nisimamie kalavati la mtaa fulani kuanzia kuchimba msingi mpaka makabidhiano. Moja tu. Mkuu akasoma akacheka, akasema huko kuna matope wewe. Nikamwambia mzee mimi kwetu ni Rungwe, matope tumezaliwa nayo. Akasaini.

Hii ilikuwa 2015, barabara za mitaa bado ziko kwetu halmashauri, TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, imekuja 2017 ikazichukua. Fundi mkuu wa yule mkandarasi alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, vizuri kabisa. Shida ikaja kwenye zege, vijana wameongeza maji ili litiririke lisiwachoshe, nikasema hili zege ni jepesi. Akaniambia kwa upole kabisa, mwanangu mimi zege napiga toka hujazaliwa. Ungekuwa wewe ungejibu nini? Ukibishana na mzee mbele ya vibarua wake umeshindwa hata kama una haki, ukinyamaza pia umeshindwa.

Mimi nilienda kwenye gari nikaleta kopo la slampu, la kupimia kama zege limezidi maji. Mnalijua, lile kama pia la chuma, urefu sentimita 30, unajaza zege tabaka tatu na kila tabaka unalichoma mara 25 na nondo, halafu unanyanyua kopo taratibu. Nikanyanyua. Zege likalala chini kama uji wa mgonjwa. Vibarua wakaangaliana, mzee akaangalia, sikusema neno, akawageukia vijana wake akawaambia mwaga hilo pigeni upya. Toka siku hiyo heshima ilikuwepo, na shikamoo yangu niliendelea kumpa kila asubuhi, shikamoo haipunguzi unene wa zege.

Hapo ndio nilijua sauti ya kufoka sina na wala siihitaji. Kipimo kinasema kwa niaba yako. Wapo wadada wanafika saiti wanajifanya wakali, wanatukana kama manyapara, wanadhani ndio ujasiri, unakuta wanachoka ndani ya miezi sita na mafundi wanawafanyia makusudi.

Kitu cha pili ni kitabu cha saiti, na hapa naomba nikusisitizie sana. Kila maelekezo unayotoa yaandike pale pale, kitabu cha nakala zenye kaboni, tarehe, saa, umepima nini umekuta nini umeagiza nini, fundi au msimamizi wa mkandarasi anasaini, nakala moja anabaki nayo, moja unapeleka ofisini. Lile kalavati langu mdomo wa kutolea maji ulikuja juu kuliko mchoro, sentimita kama 20 hivi. Niliandika, wakasaini, hawakurekebisha, mimi nikiwa mchanga nikadhani kusaini ndio kurekebisha na sikurudi kupima (hilo kosa langu kabisa, usilirudie). Masika yakaingia. Maji yakarudi nyuma yakaingia nyumba za watu, diwani akaja ofisini moto mkali, na swali la kwanza likawa nani alisimamia, jibu likawa yule binti. Hivyo tu, yule binti. Nilifungua kitabu kwenye ule ukurasa nikauweka mezani. Mkandarasi akarudi kuvunja kwa gharama zake maana ile sehemu ya malipo yake inayobaki kwetu mpaka kipindi cha matazamio kiishe bado tulikuwa tumeishikilia. Bila ule ukurasa naamini ningerudishwa kwenye mafaili na safari hii nisingetoka.

Kitabu kinasaidia hata kwenye yale mambo mengine. Kuna mkandarasi atakupigia "dada njoo tuongelee cheti cha malipo hoteli fulani jioni". Kazi ya malipo inapimwa saiti, mchana, pande zote mbili zipo, na nenda na mwenzako hata kama ni dereva. Mjibu hivyo hivyo kwa meseji, kesho saa tatu saiti, usipokee simu. Hela ya soda vile vile. Ukila soda leo kesho kopo la slampu litakuwa zito kunyanyua.

Haya, choo. Hakuna mtu anaandika kuhusu choo na ndio kitu cha kwanza mwanamke anakutana nacho. Miaka miwili nilikuwa sinywi maji toka asubuhi mpaka nirudi nyumbani nikaishia kuugua UTI mara mbili, kisa naona aibu kuuliza. Siku moja naperuzi BOQ ya mradi, ile orodha ya kazi na bei zake, ule mwanzo kabisa kwenye prilimineri, yaani gharama za maandalizi, ambao huwa tunaruka, nikakuta mkandarasi ameweka bei ya ofisi ya muda, stoo na vyoo vya saiti. Yaani tunamlipa! Alishalipwa choo na hajajenga! Toka hapo kikao cha kwanza cha saiti ajenda yangu ya kwanza ni choo kiko wapi, chenye mlango na komeo, na wakiniletea cheti bila choo kile kipengele silipi. Wanaume nao wamefurahi maana na wao walikuwa wanateseka kimya kimya nyuma ya lori. Kwa kazi za fosi akaunti, madarasa na zahanati, ambazo sisi wa halmashauri ndio tunazo siku hizi, hakuna mkandarasi, hapo unaongea na mwalimu mkuu au kamati ya ujenzi mapema.

Nguo, nunua ovaroli ya vipande viwili, suruali na koti. Ile ya kipande kimoja nilinunua kwa mbwembwe nikajuta siku ya kwanza, kwenda haja unavua mpaka mabega kwenye choo cha mabati. Kwenye begi weka kanga, maji, pedi hata kama sio siku zako.

Mimba nilibeba nikiwa na madarasa matatu yanaendelea. Sikuacha saiti, niliacha kupanda jukwaa la mafundi na niliacha ile pikapu yenye springi zimekufa, nilimwandikia mkuu mapema akanipangia miradi ya karibu. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, ukijifungua mapacha ni 100, na ukirudi una haki ya mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Hizo saa mbili ziombe kwa maandishi, upange na mkuu wako zikae wapi, mimi nilizipanga jioni nikawa natoka saa tisa badala ya kumegewa dakika ishirini ishirini za huruma. Kuna mwenzangu mmoja alisema eti unajidekeza. Nikamwacha aseme.

Kama huna diploma usidhani mlango umefungwa. VETA, na kile chuo cha ujenzi cha Morogoro, wanafundisha ufundi, na dada anayejua kuendesha greda au kijiko hakosi kazi, binafsi naona huko kuna ushindani mdogo kuliko sisi wa diploma tunaorundikana kwenye Ajira Portal. Halafu kuna njia ya vikundi, sheria ya manunuzi imetenga asilimia 30 kwa makundi maalum, wanawake wakiwemo, usafi wa mitaro, kufyeka, ukarabati mdogo, mnajisajili NeST, ule mfumo wa manunuzi ya serikali mtandaoni, mnaomba. Wizara ya Ujenzi ina kitengo kabisa cha kushirikisha wanawake kwenye kazi za barabara. Angalizo moja tu, malipo ya serikali yanachelewa, msiingie na mtaji wa kukopa kausha damu mkategemea hundi itoke mwezi huo huo, nimeona akina mama wamepoteza makochi.

Nilisahau gambuti. Stoo ya manispaa zinaanzia namba 42, mimi navaa 38, nilizunguka Kariakoo karibu siku nzima nikapata jozi moja tu, za njano, za watoto wa shule, zina vyura ubavuni. Nikazivaa hivyo hivyo. Yule mzee wa zege alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaniita mhandisi chura, na mpaka leo akinipigia simu kuulizia kazi anaanza na hilo jina. Vyura vimeshafutika, gambuti bado nazivaa.