Ujumbe wa Faili Isiyopatikana: Kwa Mafundi Wanaoanza Kazi

Vijana wangu, naandika haya kwa sababu kila kundi jipya la wanagenzi linapoingia katika maduka yetu ya Luthuli na Moi Avenue jijini Nairobi, kosa lile lile hurudi nalo. Mteja analeta kompyuta ya nyumbani, kwenye kioo pana ujumbe kwamba programu haiwezi kuanza kwa kuwa MSVCP140.dll haipo (DLL ni faili ya msimbo ambayo programu huiita imsaidie kazi), na kabla mteja hajamaliza kujieleza, fundi mchanga ameshaitafuta faili hiyo kwenye intaneti, ameipakua kutoka tovuti ya kwanza iliyojitokeza na kuitumbukiza ndani ya System32, folda ya faili za Windows yenyewe. Wakati mwingine ujumbe hutoweka kweli, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu kijana huondoka akiamini kwamba amejifunza kazi.

Ujumbe wa aina hii unasema jambo moja tu: kuna programu iliyotafuta faili mahali fulani ikaikosa. Hausemi kwamba faili imefutwa, hausemi ni nani aliyeifuta, na mara nyingine hata hautaji faili iliyokosekana, kwa maana DLL inaweza kuwepo pale pale lakini ikashindwa kupakiwa kwa sababu DLL nyingine ambayo yenyewe huitegemea ndiyo haipo. Kwa hiyo swali la kwanza mezani lisiwe "faili hii nitaipata wapi?" bali "ni nani anayeitafuta, na kwa nini haikuwa pale alipoitazamia?" Nikiwaona mnauliza hivyo, nitawaachia meza na kwenda kula chakula cha mchana kwa amani.

1. Soma ujumbe mzima, ukianza na jina la programu lililo kwenye utepe wa juu wa dirisha, na uupige picha kwa simu kabla ya kubonyeza chochote. Faili za MSVCP140 na VCRUNTIME140 haziji moja moja; huja ndani ya kifurushi cha Visual C++ cha kuanzia mwaka 2015, ambacho Microsoft wenyewe hukitoa bure. MSVCR100 ni ya kifurushi cha 2010, MSVCR110 ya 2012, na MSVCR120 ya 2013. Ukikuta mchezo wa zamani unalilia d3dx9_43.dll, unachohitaji ni kifurushi cha DirectX (maktaba za Microsoft za michoro ya michezo) cha Juni 2010, na usidanganyike kwamba DirectX 12 iliyomo kwenye Windows mpya inachukua nafasi yake, kwa sababu haichukui.

Weka x86 (ya biti 32) na x64 (ya biti 64) zote mbili. Programu ya biti 32 huhitaji faili za biti 32 hata ikiwa inaendeshwa kwenye Windows ya biti 64, na hapa majina ya folda yamewapoteza wengi: katika Windows ya biti 64, System32 ndiyo yenye faili za biti 64, ilhali zile za biti 32 hukaa SysWOW64. Fundi akitupa faili ya biti 32 ndani ya System32 na programu ni ya biti 64, ujumbe wa faili kukosekana unaondoka na mahali pake panakuja msimbo wa kosa 0xc000007b, kisha mteja anaambiwa kwamba Windows yake imeharibika. Windows ilikuwa nzima hadi ilipofika mezani kwetu. Tena kumbukeni kwamba Windows hutafuta DLL nyingi katika folda ya programu yenyewe kabla ya kwenda System32, hivyo faili ya kuokota iliyoachwa kwenye folda ya programu itaendelea kuizuia faili halali hata baada ya fundi mwingine kuja kuweka kifurushi sahihi. Sisemi chochote kuhusu usalama wa zile tovuti za kugawa DLL moja moja, ila kwamba faili hiyo itaendeshwa kwa ruhusa zote za programu inayoiita, katika mashine ambayo mteja huitumia kuingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na benki.

2. Dirisha la RunDLL, programu ya Windows inayoendesha DLL, linalojitokeza kila kompyuta inapowaka, likilalamika kwamba moduli fulani haikupatikana, kwa kawaida ni habari njema. Kingavirusi imekwisha kuondoa kirusi, au mteja ameondoa programu, lakini agizo la kuiita lilibaki katika orodha ya vitu vinavyoanza na Windows. Hapa hakuna faili ya kurudisha. Kuna agizo la kufuta. Fungua Autoruns ya Sysinternals, inayoorodhesha kila kinachoanza na Windows, tazama yaliyoandikwa kwamba faili haikupatikana, kisha tazama pia Task Scheduler, ratiba ya kazi ya Windows, kwa sababu maagizo mengi ya siku hizi hujificha huko. Nimemkuta kijana mmoja, mwenye bidii kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi, akiwa ametumia asubuhi nzima kutafuta faili yenye jina la herufi zisizo na maana, na ilinibidi nimshike bega na kumweleza kwamba alikuwa akitafuta kirusi ili akirudishe nyumbani.

3. Programu ya wizi ikipoteza faili baada ya kingavirusi kusasishwa, usiitoe faili hiyo karantini, yaani kule kingavirusi ilikoifungia. Mwambie mteja ukweli, na ikiwa anachohitaji ni barua na bajeti tu, mwekee LibreOffice, ambayo ni ya bure na halali.

4. Mteja akisema faili zake zimepotea, usimwamini yeye wala kioo, amini diski. Mwezi wa Juni, watu wanapokimbizana kuwasilisha ritani za KRA, mamlaka ya ushuru, kabla ya tarehe 30, flashi nyingi huletwa kwetu moja kwa moja kutoka saiba, na ndani yake folda zote zimegeuka njia za mkato. Faili zimo, kirusi kimezificha tu. Safisha kirusi kwanza kwenye kompyuta na kwenye flashi, kisha tumia amri ya attrib -h -r -s pamoja na /s /d, nazo zitarejea zilivyokuwa. Ikiwa ni kompyuta yenyewe na kwenye Desktop, ile meza ya kioo, hakuna kitu, angalia kama Windows imemwingiza mteja kwa wasifu wa muda, kisha ukague folda yake ndani ya C:\Users, kisha uangalie kama OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, imehamisha Desktop na Documents kwenda katika folda yake. Usinakili chochote juu ya diski hiyo kabla hujamaliza ukaguzi huu.

5. Kompyuta isiyowaka. Kioo kinasema BOOTMGR is missing, yaani faili inayoanzisha Windows haikupatikana, au NTLDR kwa zile za XP ambazo bado hutujia kutoka mitaani: toa flashi kwanza. Naomba mlitii neno hili, kwa kuwa nimewaona watu wakitayarisha bootrec, amri ya kukarabati uwashaji, ilhali flashi ya mtoto yenye katuni imechomekwa nyuma ya mashine, nayo kompyuta inajaribu kuwakia humo. Baada ya hapo, tazama saa ya BIOS, programu ya bodi inayoanza kabla ya Windows. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa mjini zilitumika Uingereza kabla ya kufika hapa, na betri yake ya CR2032 huwa imechoka. Ikifa, mipangilio hurudi ya kiwandani, njia ya kuwasha inaweza kugeuka kutoka UEFI, ile mpya, kwenda Legacy, ile ya zamani, na diski iliyo nzima kabisa ikaonekana haina mfumo. Badilisha betri, rudisha mpangilio, mruhusu mteja aende zake.

Lakini ikiwa ujumbe unataja faili iliyo ndani ya \Windows\System32\config, hasa ile inayoitwa SYSTEM, nawasihi msimame. Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu jambo nitakalosimulia nililishuhudia nikiwa mwanagenzi katika duka moja hapa mjini, na bado linaniuma.

Mama mmoja, mweka hazina wa chama cha akiba na mikopo, alileta kompyuta yake ya mezani ya Windows 10 baada ya stima kupotea na kurudi mara kadhaa usiku mmoja. Alitueleza mambo mawili. La kwanza, kwamba kompyuta ilikuwa imeanza kuwa nzito tangu majuma yaliyotangulia, ikikwama anapofungua faili kubwa. La pili alilisema akiwa ameishika kompyuta kwa mikono yote miwili: "Vitabu vya chama viko humo ndani, usinipotezee." Fundi aliyetusimamia, mtu hodari na mkarimu ambaye sina deni naye ila la shukrani, alimjibu asiwe na shaka. Ujumbe ulisema kwamba faili ya rejista, hifadhi ya mipangilio yote ya Windows, haipo au ina kasoro, msimbo 0xc000014c. Fundi alikumbuka dawa ya miaka iliyopita: kuchukua nakala za rejista kutoka folda ya RegBack na kuziweka mahali pa zile zilizoharibika. Alifanya hivyo bila kutazama ukubwa wake. Kuanzia toleo la 1803, Windows 10 haiweki tena nakala hizo kwa kawaida. Faili zimo, majina yamo, lakini ukubwa wake ni sifuri. Rejista iliyokuwa na kasoro ikabadilishwa na rejista isiyo na kitu.

Hapo bado hatukuwa tumepoteza neno moja la chama. Diski ilikuwa na kila kitu. Lakini mashine ilikuwa imekataa kuwaka, wateja walikuwa wamejaa mlangoni, na fundi akaamua kuendesha chkdsk /r, amri ya kukagua na kurekebisha diski. Amri hiyo husoma kila sekta ya sehemu nzima ya diski, na kwenye diski inayokufa ni sawa na kumlazimisha mgonjwa wa moyo apande ngazi za KICC, lile jengo refu la Nairobi. Ilikwenda mchana kutwa. Diski ilianza kutoa sauti ya kugongagonga, sote tuliisikia, na hakuna aliyesema kitu. Ilipomaliza, sehemu ya faili zilikuwa zimegeuzwa vipande vyenye majina ya FILE0000.CHK ndani ya folda ya found.000. Mtu angesimama hapo bado pangekuwa na la kuokoa. Badala yake diski ilipigwa fomati na Windows mpya ikawekwa juu yake, kwa imani kwamba programu ya kurejesha faili ingeyatoa mengine baadaye. Windows mpya iliandika gigabaiti zake juu ya mahali palipokuwa na faili za Excel za mama yule, na kabla ya wiki kwisha diski ikakata kabisa.

Yule mama hakupiga kelele. Alirudi akiwa na wanachama wenzake, na kwa siku kadhaa walijaribu kuijenga upya hesabu ya michango na mikopo kutokana na ujumbe wa M-Pesa kwenye simu zao na daftari moja la zamani. Michango ilipatikana kwa sehemu kubwa. Mikopo iliyotolewa kwa fedha taslimu ikawa ugomvi, kwa sababu karatasi hazikuwepo. Aliyeshukiwa mbele ya wenzake hakuwa fundi, bali yeye.

Kila dalili ilikuwa imetolewa mapema. Mashine inayokuwa nzito kwa majuma, kisha ikapoteza faili ya mfumo, inakwambia uitazame diski kabla ya faili. Itoe diski, iunganishe na kompyuta ya duka au uwashe kwa flashi ya Linux, na usome SMART, rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea: sekta zilizohamishwa, na zaidi ya hizo, sekta zinazosubiri kuhamishwa. Nambari hizo zikiwa zinapanda, usiendeshe chkdsk, usirekebishe rejista, usiguse chochote juu ya diski hiyo. Nakili diski yote kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kwenda kwenye diski nyingine isiyo na kasoro, ukiweka faili ya ramani ili stima ikipotea uendelee pale ulipoachia. Kisha toa nakala ya pili kutoka ile ya kwanza, na ufanye ufundi wako wote juu ya hiyo ya pili. Ukikosea humo, utanakili tena kutoka ile ya kwanza. Ukikosea kwenye diski ya mteja, hakuna pa kurudi. Na kazi ikikwisha, futa nakala zilizobaki dukani baada ya mteja kuthibitisha kwamba amepata vyake, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatuhusu sisi pia, hata tulio katika vibanda.

6. Faili za Windows zenyewe zikiwa na kasoro na diski ikiwa nzima, tumia amri mbili za ukarabati za Windows: endesha DISM na /RestoreHealth kwanza, ndipo sfc /scannow, kwa maana sfc huchukua faili kutoka ghala ambalo DISM ndiyo hulikarabati. DISM huvuta kutoka Windows Update usipoielekeza kwingine, nayo haitauliza bando ni la nani. Kama una ISO, faili ya kusakinishia Windows, ya toleo lile lile, ielekeze huko kwa /Source.

7. Kabla hujamwita mteja aje achukue mashine, izime kabisa na kuiwasha, kisha uizime na kuiwasha tena, kwa sababu agizo lililosalia hujitokeza kwenye uwashaji wa pili wakati wa kwanza ulikuwa kimya. Mteja akifika, usimwonyeshe kwa akaunti yako ya msimamizi. Mwache aingie kwa akaunti yake, afungue programu ile ile iliyolalamika, afungue faili yake mwenyewe, na kama ana printa aichapishe. Kisha andika kwenye kadi ya kazi jina la faili iliyotajwa, programu iliyoitafuta, sababu uliyoipata na ulichofanya, ili mashine ikirudi ukiwa umeenda nyumbani, mwenzako atakayeipokea asianze kwa kupakua DLL.