Dachshund uliyemwasili anajificha na kunguruma: soma hili kabla hujamrudisha

Dada, pole, na hongera pia kwa kumchukua mbwa wa umri huo wakati wengi wanataka vitoto. Kwa ambao hawakusoma maelezo yake: ameasili dachshund, wale mbwa wa miguu mifupi, jike wa miaka kama sita, aliyetolewa kwa mfugaji aliyekuwa akimzalisha tu kizimbani. Sasa ni wiki ya pili. Mbwa anashinda chini ya kitanda, hali mpaka watu watoke chumbani, anamngurumia mume wake, anakojoa kwenye zulia. Mama mkwe keshatoa hukumu kwamba huyo ni mkaidi wa kuzaliwa, arudishwe. Na swali la mwisho: je, wakimtafutia mwenzake atachangamka?

Nimeishi na dachshund wa kuokolewa miaka mingi, wengine wangu moja kwa moja, wengine nawatunza tu mpaka wapate mtu. Hilo neno "mkaidi" nimelisikia kuhusu karibu kila mmoja wao. Ukilichunguza, ndani yake huwa kuna kitu kimoja kati ya vitatu: anaumwa, anaogopa, au anafanya kile ambacho babu zake walizalishwa wakifanye. Kwa nje vinafanana sana. Usipovitofautisha utajikuta unamfundisha adabu mbwa mwenye jino bovu.

Naanza na maumivu kwa sababu hayo hayasubiri.

Miguu mifupi ya dachshund inatokana na hitilafu ya kurithi katika ukuaji wa gegedu. Hitilafu hiyo hiyo inazigusa diski, zile pedi laini zilizo katikati ya pingili za mgongo. Mbwa wengi diski zao hukauka uzeeni. Za dachshund huanza kukauka na kukakamaa angali kijana, kisha siku yoyote moja inaweza kupasuka na kuukandamiza uti wa mgongo. Takriban dachshund 1 kati ya 4 hupatwa na tatizo hili maishani, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 3 hadi 7. Wako yumo humo humo.

Kwa hiyo kabla hamjasema anamchukia mumeo, angalia ananguruma saa ngapi. Shemeji akipita tu? Au akiinama kumnyanyua? Niliwahi kuletewa dume mmoja, tumwite Bosi, akiwa na sifa mbaya kuliko za jambazi: anauma watoto, hashikiki, hataki kucheza. Nilikaa mbali nikamwangalia. Alikwenda mpaka kwenye kochi, akaweka mguu mmoja wa mbele juu ya mto, akatulia hivyo muda, kisha akaushusha taratibu na kwenda kulala sakafuni. Mgongo umejikunja kidogo kuelekea juu, shingo haigeuki, macho tu ndiyo yanazunguka. Hakuwa na ubaya wowote na watoto. Walikuwa wakimbeba kwa makwapa, sehemu ya nyuma ikining'inia, na kila wakimbeba hivyo alikuwa akiumia. Alipotibiwa na kupumzishwa, "jambazi" akageuka mbwa wa kulalia mapajani.

Dalili za kuangalia ni hizo: mgongo kujikunja, kutetemeka bila baridi, tumbo kukaza ukimgusa, kulia akinyanyuliwa, kukataa kuruka mahali alikokuwa akiruka, miguu ya nyuma kuyumba au kukwaruza kucha anapotembea. Ukiona miguu ya nyuma inaburuta, au hawezi kukojoa, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo, usingoje kesho. Wakati mwingine upasuaji wa mapema ndio unaoamua kama atatembea tena. Tafadhali usimpe dawa za maumivu za binadamu, ibuprofen na wenzake. Zinaweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo.

Namna ya kumbeba ni moja tu, na kila mtu nyumbani aijue: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, mgongo ulale sawa kama ulivyo akisimama. Kochi na kitanda viwekewe ubao wa mteremko wenye kitambaa kisichoteleza, ngazi zizibwe kwa kigeti. Na uzito wake mfuatilie bila huruma. Mbavu uzihisi kwa vidole bila kubonyeza. Ukizitafuta usizipate, amenenepa, na kila gramu ya ziada inabebwa na mgongo huo huo.

Mdomo nao. Hakuna anayewasugua meno mbwa wa kuzalisha, na dachshund wana mdomo mrefu mwembamba ambao meno yake huoza mapema. Mbwa anayesubiri watu watoke ndipo ale huenda ana aibu, lakini huenda pia anatafuna upande mmoja, anadondosha punje, anaacha zile ngumu. Mwombe daktari wa mifugo amfungue mdomo kikweli. Mkojo upimwe pia, maana maambukizi ya kibofu yanaweza kumfanya akojoe zuliani hata angekuwa amefundishwa na malaika. Uliza kama amefungwa kizazi. Kama bado, na unaona anakunywa maji kupita kiasi au anatokwa uchafu nyuma, mpeleke haraka, anaweza kuwa na usaha kwenye mji wa mimba, na huo unaua.

Akishapita kwa daktari bila tatizo kubwa, sasa tuzungumzie woga.

Mtu akisema "mbwa wa miaka sita" anamfikiria mbwa aliyeishi miaka sita. Wa kwako ameishi miaka hiyo ndani ya kizimba. Mashine ya kufulia, televisheni, mlango unaogongwa na upepo, sakafu inayong'aa na kuteleza, kioo kinachoonyesha mbwa mwingine, vyote hivyo ni vipya kwake na vimemjia siku moja. Jike wangu wa kwanza wa aina hii, Kibibi, alikuwa hawezi kuvuka kizingiti. Anafika mlangoni, ananusa ile mbao, anatetemeka mguu mmoja, anarudi. Hakuna aliyemvuta. Niliweka vipande vya kuku upande wa pili nikaenda zangu jikoni. Siku aliyovuka sikumwona. Nilisikia tu kucha zikigonga sakafu nyuma yangu.

Wanaookoa mbwa wana kanuni yao ya 3-3-3: siku 3 za kupigwa na butwaa, wiki 3 za kuanza kuuzoea utaratibu, miezi 3 za kujisikia yuko kwake. Ichukueni kama makisio tu. Kwa mbwa wa kizimbani mimi huzidisha bila kuona haya. Wiki mbili kwake ni bado yuko safarini.

Chini ya kitanda mwache. Usimtoe kwa mkono, usimulikie tochi, usimwite kila baada ya dakika kumi kwa sauti ya kubembeleza. Dachshund alizalishwa aingie mashimoni, na gizani penye kuta karibu ndipo anapopumua. Unachoweza kufanya ni kumpa shimo zuri zaidi: kreti iliyofunikwa blanketi pande tatu, mlango wazi muda wote, ndani shuka la kujifukia. Iweke kwenye kona tulivu inayoona watu wanapopita. Shuka hilo usilifue wiki hizi za mwanzo hata likinuka. Ile harufu ndiyo inayomwambia hapa ni pake.

Chakula kiwe kile kile alichokuwa akila kule alikotoka. Ukitaka kubadili, changanya kidogo kidogo kwa muda wa siku 7 hadi 10, la sivyo utaongeza kuhara juu ya matatizo uliyonayo. Weka bakuli, ondoka. Kila siku ondoka umbali mfupi kidogo kuliko jana.

Kuhusu shemeji. Akae sakafuni, ubavu ndio umwelekee mbwa, macho kwenye simu yake, asiseme kitu. Mara moja moja arushe kipande cha nyama kipite mbwa, kiangukie nyuma yake. Nyuma, si mbele. Ukimvuta kwa chakula aje kwako, unamlazimisha kusogelea anachokiogopa ili ashibe. Kikianguka nyuma, anapata nyama na nafasi kwa wakati mmoja, na mtu aliyeirusha anaanza kuwa habari njema. Mbwa akija mwenyewe kumnusa, shemeji asinyooshe mkono. Anuse, aondoke. Najua ni kazi kwa mwanaume mwenye haraka ya kupendwa!

Mngurumo wenyewe msiuadhibu. Anapofoka anawapa taarifa, na mbwa anayepigwa kwa kutoa taarifa hujifunza kuacha kuitoa. Halafu siku moja anauma kimya kimya na watu wanasema "alibadilika ghafla".

Mama mkwe naye mpe cheo. Sisemi kwa kejeli. Wazee wana subira ya kukaa mahali pamoja kuliko sisi, na mbwa muoga humpenda mtu asiyehangaika. Mwambie yeye ndiye mwenye kibakuli cha nyama ya saa kumi, kazi yake kuketi na kurusha. Nimeona kina mama waliokuwa wakisema "mbwa ndani ya nyumba, mimi nahama" wakiishia kugombea nani amfunike blanketi.

Jambo linalosahaulika: mbwa muoga akitoroka harudi akiitwa, kwa sababu jina lenyewe bado halijui. Atoke na mkanda wa kifuani uliombana vizuri pamoja na ukosi, kamba ifungwe kote kuwili, hata kama ni uani tu. Hakikisha chipu yake, kile kitambulisho kidogo kinachowekwa chini ya ngozi, imesajiliwa kwa namba yako, siyo ya waliomwokoa. Kisha kagua uzio kwa chini. Watu huangalia urefu wa ukuta, na hawa hawaruki, wanachimba.

Na hapo ndipo asili inapoingia, ile ambayo hakuna daktari wala subira itakayoiondoa. Hawa walizalishwa Ujerumani kwa karne kadhaa waingie peke yao kwenye shimo la mnyama mkali, wa ukoo mmoja na nyegere, bila mtu nyuma wa kuwaelekeza. Huko chini mbwa anayesubiri amri anakufa. Wakachaguliwa wale wanaoamua wenyewe, wasiorudi nyuma, wenye sauti nzito inayosikika kutoka ardhini. Sasa mnamtaka mjukuu wao awe mnyenyekevu kwa sababu ni mdogo na masikio yamelala? Utafiti mmoja wa mwaka 2008 uliolinganisha aina nyingi za mbwa kwa kuuliza wamiliki uliwakuta dachshund miongoni mwa wanaoongoza kwa ukali, hasa kwa wageni. Ukali huo hauvumi kwa sababu wao ni wadogo.

Kwa hiyo wageni wasimsalimie. Wakifika, yeye awe chumbani na mfupa wa kutafuna. Kubweka atabweka, unachoweza kupunguza ni sababu, kwa mfano kuziba sehemu ya chini ya dirisha la barabarani. Kuchimba mpe sanduku la mchanga au la vitambaa vikuukuu, ufukie vipande vya chakula ndani. Pua ikifanya kazi, mwili hutulia. Kufunua blanketi na kulala chini yake ni kawaida yao wote, ila angalieni kabla ya kukaa.

Suala la mkojo kwao ni gumu hata kwa walioanza wakiwa watoto, nisikudanganye. Mbwa wa kizimbani alilazimika kujisaidia anapolala, kwa hiyo kile kinyaa ambacho mbwa mwingine anacho juu ya malazi yake kimeshafutwa. Likunje zulia uliweke juu ya kabati kwa miezi hii. Ndiyo, ni rahisi hivyo, na inaokoa ndoa. Mtoe nje akiamka, akimaliza kula, na kabla ya kulala, pale pale kila mara, umpe kitu kitamu akiwa bado nje, siyo mkisharudi ndani. Madoa yasafishwe kwa dawa yenye vimeng'enya, achana na zenye amonia kwani zinanuka kama mkojo na zitamwita tena. Siku ya mvua tarajia mgomo, tumbo lao liko karibu mno na majani yaliyolowa. Mfyekee sehemu fupi, simama naye chini ya mwavuli.

Mwenzake? Mbwa mtulivu aliyekwishakuwepo nyumbani huwasaidia sana hawa, Kibibi alijifunza nusu ya mambo kwa kumfuata mbwa wangu mzee. Lakini kumleta mgeni mwingine sasa ni kuwa na wawili wasiojua pa kushika. Kama kuna rafiki mwenye mbwa mpole, tembeeni sambamba mahali pasipo pa yeyote, kila mbwa na mtu wake, wasikutanishwe pua kwa pua. Hilo la kuasili wa pili liulizeni tena akishaanza kula mbele yenu.

Mkifikia kushindwa kweli, kwa mfano ameuma mtoto na hamwezi kuwatenganisha, arudi kwa wale wale waliomwokoa, asitolewe kwa mtu yeyote tu aliyejitokeza. Ila kwa unayoyaeleza bado hamjafika huko. Wiki hii muone daktari, mwambie mambo matatu: mgongo, meno, mkojo. Kabla ya kwenda, mrekodi kwa simu akitembea kutoka nyuma na kutoka pembeni, maana kwa daktari woga utamfanya agande na hataonekana anavyotembea nyumbani. Ukipata majibu yaandike hapa, tuendelee kutokea hapo.