Ukoka kuwa wa njano, anza na udongo
Dada pole, ila usikimbilie mbolea kwanza. Umesema ukoka umeanza kuwa wa njano tangu mafundi wamalize nyumba na mvua ikinyesha maji yanatuama, hapo mi naona udongo umeshindiliwa na malori ya mchanga na tofali. Chukua bisibisi ndefu uichomeke siku moja baada ya mvua, ikigoma kabla ya sentimita 10 ujue na mizizi inagoma, haipati hewa. Alafu chimba uone kama kuna mabaki ya simenti, maana simenti ina chokaa, inapandisha pH (kipimo cha uchachu wa udongo, ikipanda uchachu unapungua), na ikishapita 7.5 hivi nyasi zinashindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yamo humo humo ardhini, ndo unaona majani machanga yanakuwa njano huku mishipa imebaki kijani. Ukoka unapenda 6 mpaka 7. Toa kifusi chote, toboatoboa kwa uma wa bustani, mwagia mboji iliyoiva iingie kwenye matundu. Mchanga mtupu juu ya udongo wa mfinyanzi usiweke kabisa, wengi wanaharibia hapo!